Dole gumba lilikotoka: kutoka Bengal hadi Dubai

Alama za vidole zimewapeleka wauaji wengi kizimbani. Lakini kabla ya kumtafuta mhalifu, zilikuwa zikimtafuta mfanyakazi. Mtayarishaji wetu aliyeko Dubai anaifuatilia historia hiyo, ambayo sehemu yake kubwa imepita Afrika Mashariki.

Makala yetu ya leo inaanzia kwenye foleni. Ni foleni ya kituo kimoja cha kusajili wakazi hapa Dubai, ambako mgeni anayetaka kuishi na kufanya kazi hana budi kuviweka vidole vyake vyote kumi juu ya kioo kidogo chenye mwanga. Mbele yangu alisimama fundi mwashi, mtu wa makamo. Aliweka vidole, mashine ikakataa. Karani akampa karatasi yenye unyevu apanguse mikono; ikakataa. Akampaka mafuta kidogo, ikakataa tena. Saruji ilikuwa imeila ngozi ya vidole vyake hata mistari ikasawazika, na mashine, ambayo haijui uashi ni nini, ilimwona kama mtu asiye na vidole.

Karani alimwambia kwa upole aende akaipumzishe mikono kwa siku kadhaa, kisha arudi. Yule bwana akanigeukia, nadhani kwa sababu alikuwa amenisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, akasema: "Ndugu yangu, mikono ikipumzika, tumbo litakula nini?"

Tumezoea kukutana na alama za vidole katika hadithi za upelelezi. Mwizi anagusa kioo cha dirisha, mpelelezi ananyunyiza unga, na mwisho wa hadithi mwizi yuko gerezani. Hayo ni ya kweli, ila ni nusu ya pili ya habari. Nusu ya kwanza haina mauaji wala wizi. Ina mkataba wa barabara, malipo ya uzeeni, na kibarua aliyetoroka shambani.

Katika Kiswahili, asiyejua kuandika husemwa kwamba "ametia dole gumba". Maneno hayo yanatufikisha moja kwa moja India, katika jimbo la Bengal, mwezi Julai mwaka 1858. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu yalipozuka maasi makubwa ya Wahindi dhidi ya Waingereza, na mtawala na mtawaliwa walikuwa hawaaminiani hata kidogo. Afisa mmoja wa Kiingereza, William Herschel, aliandikiana mkataba na mfanyabiashara aitwaye Rajyadhar Konai, ambaye angeleta kokoto za kutengenezea barabara. Herschel alihofu kwamba siku moja Konai angeikana saini yake. Basi akaupaka wino mkono mzima wa mfanyabiashara huyo na kuugandamiza nyuma ya mkataba. Baadaye Herschel mwenyewe alieleza kwamba nia yake ilikuwa kumtia Konai hofu tu, asije akageuka.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa elimu. Herschel aliendelea kukusanya alama za watu mbalimbali, zikiwamo zake mwenyewe, na kwa miaka mingi akaona kwamba hazibadiliki. Mwaka 1877, akiwa hakimu katika wilaya ya Hooghly, aliwatilisha vidole wastaafu waliokuwa wakija kuchukua pensheni. Sababu ni rahisi kuielewa: baadhi ya wastaafu waliendelea kupokea fedha hata baada ya kufa, kwani jamaa zao walikwenda badala yao. Alifanya vivyo hivyo kwa hati za ardhi na kwa wafungwa, ili aliyehukumiwa asimlipe mwingine amtumikie kifungo.

Aliyekuwa wa kwanza kuandika hadharani kwamba alama hizi zaweza kumkamata mhalifu ni daktari mmisionari wa Kiskoti, Henry Faulds, aliyekuwa akifanya kazi Tokyo. Alivutiwa na alama za vidole zilizobaki kwenye vyungu vya kale vya Kijapani. Kisha likatokea tukio dogo la kuchekesha: mtu fulani alikuwa akinywa kwa siri pombe kali ya hospitali, na mafuta ya vidole vyake yaliyobaki kwenye chombo yakamuumbua. Barua ya Faulds ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba 1880. Miaka 12 baadaye, mwaka 1892, Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Faulds aliishi maisha yake yote yaliyosalia akilalamika kwamba sifa zake zimechukuliwa na wengine, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki ya kulalamika.

Mwaka huohuo wa 1892, mbali kabisa na London, alama ya kidole ilitatua kesi ya mauaji. Ilikuwa katika mji wa Necochea nchini Argentina. Watoto wawili walikutwa wameuawa, na mama yao, Francisca Rojas, akamtuhumu jirani. Jirani alikamatwa na kuteswa, lakini hakukiri. Inspekta Eduardo Álvarez, aliyekuwa amejifunza mbinu za ofisa mmoja wa polisi mwenye asili ya Croatia, Juan Vucetich, alikwenda kwenye nyumba hiyo na kukuta alama ya kidole chenye damu kwenye mlango. Alikikata kipande cha mlango na kukipeleka kituoni. Alama ilikuwa ya dole gumba la mama mwenyewe. Alipoonyeshwa, alikiri. Tukumbuke kwamba mtu wa kwanza kuokolewa na elimu hii alikuwa yule jirani aliyekwisha kupigwa bila kosa.

Hata hivyo, kumlinganisha mtu mmoja na alama moja si kazi ngumu sana. Kazi ni pale unapokuwa na kadi elfu mia moja kabatini, ukaletewa mtu anayesema jina la uongo. Utaanzia wapi? Jibu lilipatikana Calcutta, na waliolipata walikuwa wafanyakazi wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Walivipanga vidole kumi katika jozi tano. Kidole chenye mistari iliyozunguka kama kimbunga kilipewa thamani ambayo ilitegemea jozi kilimo: 16, 8, 4, 2 au 1. Kisichokuwa na mzunguko kilipewa sifuri. Ukijumlisha unapata namba mbili, na namba hizo zinakupeleka kwenye moja ya mafungu 1,024. Badala ya kupekua kabati zima, karani anafungua droo moja. Mwaka 1897 serikali ya India iliukubali mpango huo, nao ukaitwa kwa jina la bosi wao, Edward Henry. Unaitwa hivyo mpaka leo. Haque alikuja kupewa cheo cha heshima na zawadi ya fedha, baada ya miaka mingi.

Mtihani wa kwanza ulikuja upesi. Mwezi Agosti 1897, meneja wa shamba la chai katika wilaya ya Jalpaiguri alikutwa kitandani amekatwa koo, na fedha zake zimeibwa. Miongoni mwa vitu vyake palikuwa na kalenda ya Kibengali yenye madoa ya damu, na katika doa moja mistari ya dole gumba ilionekana. Kadi za Calcutta zilimtaja Kangali Charan, aliyekuwa mtumishi wa meneja huyo na ambaye aliwahi kufungwa kwa wizi. Mwaka 1898 mahakama ilimtia hatiani kwa wizi, lakini haikumtia hatiani kwa mauaji. Alama ilithibitisha kwamba aliigusa kalenda baada ya damu kumwagika; haikuthibitisha ni nani aliyeshika kisu. Binafsi naiona hukumu hiyo kuwa ya busara kuliko nyingi zilizofuata.

Julai 1901 Scotland Yard ilifungua idara yake ya alama za vidole, na mwaka 1905 ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, wakanyongwa kwa kuwaua msimamizi wa duka la rangi na mkewe katika mtaa wa Deptford, London. Ushahidi mkuu ulikuwa alama ya dole gumba kwenye sanduku la fedha. Hapo ndipo magazeti yalipoipenda elimu hii, na ndipo dunia ilipoanza kuiona kama elimu ya kukamatia wauaji.

Kwetu Afrika, hata hivyo, haikuja kwa ajili ya wauaji.

Mwaka 1900, kabla hata idara ya London haijafunguliwa, Edward Henry alipelekwa Afrika Kusini kupanga polisi wa Johannesburg na Pretoria. Alama za vidole zikaingia pamoja naye katika nchi ya migodi, ambako tajiri alitaka kujua kila mchimbaji ni nani na katoroka wapi. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilitaka Wahindi na Wachina wote wajisajili kwa vidole. Wakili mmoja aliyeitwa Mohandas Gandhi aliwakusanya watu kukataa, na tarehe 16 Agosti 1908 vyeti vilichomwa moto mbele ya msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg.

Kenya ilifuata. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini vita vya kwanza vya dunia viliichelewesha. Ilianza kutekelezwa kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na maelezo ya kila mwajiri: amemwajiri lini, kwa mshahara gani, na amemwachia lini. Cheti kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Kiliitwa kipande. Wakikuyu wakakipa kikopo hicho jina jingine, mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Neno kipande lenyewe linastahili tulisimamie kidogo. Huko Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30: unafanya kazi siku moja, unatiwa alama moja, na mshahara unakuja kadi ikijaa. Palikuwa na mateso yake, lakini ilikuwa hesabu ya kazi. Kipande cha Kenya kilikuwa hesabu ya mtu. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachia, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukiondoka bila ruhusa, umetenda jinai, na askari yeyote njiani anaweza kukusimamisha na kukuuliza: kipande kiko wapi? Huko nyuma watoro walikuwa wakibadili jina na kuanza upya shamba la pili. Sasa ilikuwapo ofisi Nairobi yenye makabati ya kadi. Mtu akikitupa kipande na kuomba kingine kwa jina jipya, vidole vyake vinalitaja lile la zamani. Ule mpango wa Haque na Bose, ambao huko Bengal ulimpata mtumishi wa meneja wa shamba la chai, hapa ulikuwa ukimpata kibarua ambaye kosa lake ni kuchoka na shamba.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomwinua Harry Thuku, karani wa simu serikalini, na chama chake cha East African Association mwaka 1921. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi ukidai aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliokuwa wakisitasita. Risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni zaidi ya hao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, na kipande kikaendelea kuvaliwa kwa zaidi ya miaka 20.

Baada ya vita vya pili vya dunia, kwa shinikizo la Waafrika, serikali ilitunga sheria mpya mwaka 1947: kitambulisho kimoja kwa watu wa rangi zote, na wote watie vidole. Hapo ndipo walowezi wa Kizungu walipogundua kwamba kutia vidole ni fedheha. Walisema ni jambo linalofanyiwa wahalifu. Mikutano ikafanyika, magazeti yakajaa barua, na serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy. Mwaka 1950 ikatafutwa njia ya katikati: mwenye kuweza kuandika atoe picha na saini badala ya vidole. Kwa maneno mengine, dole gumba likarudi kwa wenyewe. Kwa miaka 30 hakuna aliyekuwa ameuliza kama Mwafrika naye aliona fedheha.

Msikilizaji anaweza kuuliza: na wauaji je? Je, elimu hiyo haikuwahi kulisaidia bara letu kupata haki? Ilisaidia, na inasaidia. Lakini elimu ya maabara hufika mahali ambapo kalamu ya mkubwa inairuhusu kufika. Mwezi Septemba 1988 Mwingereza Julie Ward, mwenye umri wa miaka 28, aliuawa katika mbuga ya Masai Mara. Baba yake ndiye aliyeyakuta mabaki. Wakubwa walisema ameliwa na wanyama. Ripoti ya kwanza ya daktari ilieleza kwamba mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali. Kisha ripoti hiyo ikabadilishwa maneno ili ilingane na hadithi ya wanyama. Uchunguzi wa mahakama mwaka 1989 ulithibitisha kuwa ni mauaji. Kesi mbili zilisikilizwa, na washitakiwa wote waliachiwa huru, wa mwisho mwaka 1999. Ushahidi ulikuwapo. Uliharibiwa kwa wino.

Tangu hapo mambo yamesogea. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009, chini ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, taasisi ambayo mizizi yake ni maabara ya Wajerumani ya mwaka 1895. Kenya ilifungua maabara ya taifa ya uchunguzi wa jinai mwezi Juni 2022.

Nimetaja vinasaba. Hapa Dubai, katika Kiarabu, alama ya kidole huitwa basma. Vinasaba huitwa basma wirathiyya, yaani alama ya kurithi, na picha ya mboni huitwa basmat al-ayn, alama ya jicho. Lugha imeziona zote tatu kuwa ndugu, na historia inaiunga mkono. Profesa Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba mjini Leicester, Uingereza, mwezi Septemba 1984. Kesi iliyovuma ni ya mwoka mikate Colin Pitchfork, aliyehukumiwa mwaka 1988 kwa kuwaua wasichana wawili, baada ya vinasaba kwanza kumsafisha kijana mwingine aliyekuwa amekwisha kukiri mauaji asiyoyafanya. Lakini ile haikuwa kazi ya kwanza ya vinasaba. Ya kwanza, mwaka 1985, ilikuwa ya uhamiaji: mtoto mwenye asili ya Ghana alizuiwa kuingia Uingereza kwa kushukiwa kwamba si mtoto wa mama aliyesema ni wake. Vipimo vilionyesha ni wake. Kwa mara nyingine, elimu ilianzia mpakani, ikaenda mahakamani baadaye. Safari hii, angalau, ilimfungulia mtu mlango.

Sasa turudi Dubai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Falme za Kiarabu zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kutumia mboni za macho mipakani kwa kiwango kikubwa, kwa hesabu zilizobuniwa na John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Shida iliyokuwapo ingetambuliwa mara moja na karani wa kipande: wafanyakazi waliofukuzwa nchini walirudi kwa pasi mpya zenye majina mapya. Jicho halina jina. Wengine wakajaribu kuihadaa kamera kwa kujitia dawa ya matone inayopanua mboni, mpaka maofisa wakalazimika kuweka utaratibu wa kuwagundua. Kamera hizo zilielekezwa kwa wasafiri ambao kwa uraia wao walihitaji viza kabla ya kusafiri. Hiyo ndiyo hali yetu wengi tunaotoka Mombasa, Kampala au Dar es Salaam.

Polisi wa Dubai, ambao jeshi lao liliundwa mwaka 1956 katika ngome ya Naif, wamejijengea idara ya uchunguzi wa kisayansi inayoheshimiwa. Tarehe 15 Aprili 2007 majambazi waliyaingiza magari mawili ya Audi ndani ya jengo la maduka la Wafi, wakapora vito na kutoweka kwa muda mfupi mno. Magari yalikutwa yamechomwa moto, lakini moto haukuteketeza kila kitu. Vinasaba vilivyopatikana vilitumwa Interpol, na kimoja kikalingana na taarifa zilizokuwa zimetoka Liechtenstein, nchi ambayo wengi wetu tungetatizika kuionyesha kwenye ramani. Ndivyo genge lililoitwa Pink Panthers lilivyoanza kufunuliwa, mtu mmoja baada ya mwingine.

Lakini kesi ninayoirudia mara kwa mara katika mawazo yangu ni nyingine. Tarehe 19 Januari 2010 Mahmoud al-Mabhouh, kiongozi wa kijeshi wa kundi la Wapalestina la Hamas, aliuawa katika chumba namba 230 cha hoteli ya Al Bustan Rotana, karibu na uwanja wa ndege. Mwanzoni ilidhaniwa ni kifo cha kawaida. Tarehe 15 Februari mkuu wa polisi, Dhahi Khalfan Tamim, aliwaonyesha waandishi wa habari picha za kamera: watu waliovaa nguo za tenisi wakimfuata marehemu kwenye lifti, wengine wakibadili nywele za bandia. Walikuwa watu 11 wenye pasi sita za Uingereza, tatu za Ireland, moja ya Ufaransa na moja ya Ujerumani. Baadaye idadi iliongezeka. Khalfan alilinyoshea kidole shirika la ujasusi la Israel, Mossad. Israel haikukiri wala haikukanusha. Pasi zilibainika kuwa za kughushi au zilizopatikana kwa hila, nyingi zikiwa na majina ya watu walio hai waliokuwa hawajui lolote.

Khalfan alitangaza kwamba vinasaba na alama za vidole vimepatikana. Hata hivyo, hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Alama peke yake ni bubu. Inazungumza pale tu inapokutana na pacha wake kabatini, na watu wale hawakuwa katika kabati lolote ambalo polisi wa Dubai wangeweza kulifungua. Pasi walizobeba zilikuwa za nchi ambazo raia wake hawakuhitaji viza kabla ya safari, kwa hiyo kamera za macho hazikuwahusu. Mwashi wangu wa kwenye foleni, akipoteza kisu cha kukatia mkate, angepatikana kabla ya alasiri.

Isitoshe, hata pacha anapopatikana, anayethibitisha ni binadamu. Baada ya treni za Madrid kulipuliwa tarehe 11 Machi 2004, FBI ilidai kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwasho vya mabomu ni ya Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, Marekani, aliyesilimu na ambaye hakuwa amekwenda Hispania. Wataalamu watatu waliafikiana. Polisi wa Hispania walikuwa na shaka tangu mapema, na mwishowe wakasema ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. Mayfield alikaa kizuizini wiki mbili, akaombwa radhi, na mwaka 2006 akalipwa dola milioni mbili. Alama mbili zilikuwa zinafanana sana, na aliyejua kwamba mshukiwa ni Mwislamu hakuona tena zilipotofautiana.

Mahakama zetu nazo zimeanza kuuliza maswali. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na watetezi wa haki za Wanubi pamoja na mashirika mengine kuhusu Huduma Namba, iliizuia serikali kukusanya vinasaba vya wananchi na kurekodi mahali wanapoishi kwa setilaiti. Vidole viliruhusiwa. Vidole tumekwisha kuvizoea.

Kijana wa Kenya anayetafuta kazi huku Ghuba leo huanza kwa kutia vidole vyote kumi wino mbele ya polisi wa upelelezi wa jinai, ili apewe cheti cha mwenendo mwema, yaani karatasi inayosema kwamba kabati la wahalifu limepekuliwa na hakuonekana. Akifika, huvitia tena kwenye kioo, safari hii bila wino. Tangu mwaka 2018 abiria wengine hapa Dubai hupita kwenye handaki la kielektroniki linalowatambua kwa uso, bila hata kusimama.

Yule mwashi alinipigia simu siku ya kumi. Mwenzake alimsaidia kuchanganya saruji wiki nzima, naye akabaki kubeba mbao na kupima kwa timazi. Aliporudi kituoni, vidole vinane vilisomeka. Viwili vya mkono wa kulia karani aliviandika kuwa havisomeki, akampa risiti, na asubuhi iliyofuata akarudi kwenye saruji.